Damu ya Babake na Begi Chini ya Kitanda

Mpendwa mshauri,

Niko Lurambi, Kakamega. Nakuandikia moyo ukiwa mzito. Miaka sita iliyopita dada yangu alifariki akaniachia mtoto wa kiume wa miaka minane. Babake hakuwa wa kutegemewa, alikuwa mtu wa chang'aa na ngumi, na wakati huo alikuwa jela kwa kumkata mtu panga kwenye ulevi huko Malava. Nikamchukua mtoto nikamlea pamoja na mwanangu ambaye wamepishana miezi michache tu. Chungu ni kimoja, shule ni moja, karo nalipa sawa, kanisani tunaenda wote.

Sasa wana miaka kumi na minne. Wangu ni mpole, unaweza kukaa siku nzima usisikie sauti yake. Huyu mwingine ni moto. Mwezi uliopita alimpiga mwenzake shuleni akamng'oa jino. Tumeitwa, tumelipa hospitali, na naibu wa mwalimu mkuu akaniambia mbele yake kwamba maji hufuata mkondo. Nyanyake wa upande wa baba anasema ni jina, kwa kuwa alirithishwa jina la babu yake aliyekuwa mgomvi. Mume wangu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwenye kambi ya vijana ya kanisa walijibu maswali ya kujua aina ya mtu, wangu akatoka “flegmatiki” na huyu “koleriki”. Kiongozi wa vijana akasema mtu huzaliwa na aina yake na haibadiliki.

Mume wangu amemchapa mpaka amechoka. Sasa anataka tumrudishe kwa ndugu za babake kabla hajamharibu mwenzake. Ajabu ni kwamba huyu huyu ndiye anayembeba kitinda mimba wetu wa miaka mitatu mpaka analala, na mtoto akiugua haondoki karibu naye. Sielewi. Na tangu aje, nguo zake anaziweka kwenye begi alilokuja nalo, liko chini ya kitanda, ingawa kabati nilimwonyesha.

Swali langu ni hili. Tabia ya mtu iko kwenye damu au kwenye malezi? Kama ni damu, niambie niache kujitesa. Kama ni malezi, nilikosea wapi ilhali niliwalea sawa?

Mama wa Wawili, Lurambi.

*

Mama wa Wawili,

Usimrudishe kijana Malava. Naanza na hilo kwa sababu huenda ubishi unaendelea hapo nyumbani wakati unasoma, na sitaki ulisake jibu mpaka mwisho wa ukurasa. Sasa tukae tuzungumze, maana swali lako ni zito na limewakosesha wengi usingizi kabla yako.

Mumeo hajakosea kila kitu. Damu ina neno lake. Wapo watakaokuambia kwamba mtoto huja duniani mtupu na mlezi ndiye anayemjaza kila kitu, lakini mama yeyote aliyenyonyesha wawili anajua hilo si kweli. Mmoja analia mpaka jirani anabisha hodi, mwingine analala fofofo kando ya poshomili. Hakuna aliyewafundisha. Wamekuja hivyo.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, na njia yao kuu imekuwa mapacha. Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu mapacha mwaka 1875 akitafuta kutenganisha asili na malezi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1979, Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwakusanya mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga na kulelewa na familia tofauti. Wa kwanza walikuwa wanaume wawili wa Ohio, kila mmoja akipewa jina la Jim na wazazi waliomlea, waliokutana tena wakiwa na miaka 39. Walifanana mpaka watu wakashika midomo: kila mmoja alikuwa amewahi kumwoa mwanamke aitwaye Linda, kisha mwingine aitwaye Betty, na utotoni kila mmoja alikuwa na mbwa aitwaye Toy. Majina ya wake na mbwa hayamo kwenye damu, hiyo ni sadfa iliyonogesha magazeti. Ila Bouchard alipowapima mapacha wengi wa namna hiyo kwa utulivu, alikuta kwamba katika mambo kama uchangamfu, wepesi wa hasira na wasiwasi, waliotenganishwa walifanana sana. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Tinca Polderman wa Uholanzi lilikusanya tafiti za mapacha za nusu karne nzima, zenye jozi zaidi ya milioni 14. Ukiunganisha sifa zote walizopima, za mwili na za nafsi, mchango wa urithi ulifika asilimia 49. Karibu nusu.

Hapo ndipo watu huteleza, na nakuomba uende nami polepole. Nusu hiyo haina maana kwamba nusu ya hasira ya kijana wako imetoka Malava na nusu nyingine imetoka jikoni kwako. Hesabu hiyo inazungumzia tofauti kati ya watu wengi waliopimwa pamoja. Inauliza hivi: watu hawa wanapotofautiana, tofauti yao inaendana kwa kiasi gani na tofauti za kurithi? Kwa mtu mmoja swali lenyewe linavunjika mikononi. Inasimuliwa kwamba Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alipoulizwa kipi kinachangia zaidi utu wa mtu, asili au malezi, alijibu kwa kuuliza: ukubwa wa shamba unachangiwa zaidi na urefu wake au upana wake? Nyinyi Kakamega mnayajua mashamba yaliyogawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yakabaki vipande. Mpima ardhi akija na kamba yake, hawezi kukuonyesha ekari za urefu upande huu na ekari za upana upande ule.

Lakini wewe hukuniuliza habari za mapacha wa Ohio. Kinachokutisha ni panga la babake. Kwa hiyo tuende Denmark, ambako serikali hutunza rejista za watu tangu kuzaliwa. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 14,427 walioasiliwa, wakalinganisha rekodi za mahakama za wazazi waliowazaa, za wazazi waliowalea na za watoto wenyewe walipokua. Kwa wavulana ambao hakuna mzazi wao yeyote aliyewahi kuhukumiwa, 13.5 kati ya 100 walihukumiwa kwa kosa fulani. Kwa wale ambao mzazi wa damu alihukumiwa lakini mlezi hakuwahi, walikuwa 20 kati ya 100. Kwa hiyo damu ilionekana. Sasa geuza hesabu. Kati ya wavulana 100 waliozaliwa na mtu mwenye rekodi ya uhalifu wakalelewa na watu wasio na rekodi, 80 hawakuwahi kuhukumiwa kwa lolote. Na uhusiano huo wa damu ulijitokeza kwenye makosa ya mali, kama wizi. Kwenye makosa ya kuumiza watu, katika utafiti huo, haukuonekana. Tafiti za baadaye za Sweden zilikuta kwamba urithi una mchango hata kwenye ukatili, sitakuficha, ila hizo hizo zilikuta pia kwamba nyumba anamolelewa mtoto ina uzito wake. Mumeo akisema mtoto wa nyoka ni nyoka, mwambie Denmark walihesabu, na wengi wao hawakuwa nyoka.

Nije kwenye ile kambi ya vijana. Zile aina nne zina mizizi yenye umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Zilitoka kwa matabibu wa Kiyunani walioamini kwamba mwili unaendeshwa na vimiminika vinne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen akazipanga katika karne ya pili, matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina wakazibeba mbele, na mpaka leo huko Lamu na Mombasa utawasikia wazee wa tiba wakizungumzia joto na baridi, ukavu na unyevu wa mwili. Hospitali ziliachana na vimiminika hivyo zamani, lakini aina zake zilibaki, na mhubiri wa Marekani Tim LaHaye alizipa uhai mpya makanisani kwa kitabu chake cha mwaka 1966. Kinachonisikitisha ni kwamba kiongozi wenu wa vijana aliwapa watoto nusu ya kwanza ya somo akaacha ya pili. Hoja nzima ya LaHaye ilikuwa kwamba udhaifu wa hulka unaweza kugeuzwa, yeye akisema kwa Roho Mtakatifu. Kuwaambia watoto wa miaka kumi na minne kwamba hawabadiliki ni kuwafundisha kinyume cha kitabu chenyewe.

Wanasaikolojia wa leo hawamtii mtu kwenye sanduku lenye jina. Wanapima sifa tano, kila moja kwa kiwango kuanzia chini hadi juu: jinsi mtu anavyopokea mambo mapya, anavyojipanga na kumaliza kazi, anavyochangamka na watu, anavyokubaliana na wenzake, na anavyotikiswa na wasiwasi au hasira. Wengi wetu tuko katikati, kidogo juu hapa, kidogo chini pale. Na viwango hivyo husogea. Watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi wameonyesha kwamba kwa kawaida, kadiri umri unavyokwenda kutoka ujana hadi utu uzima, mtu huzidi kutulia, kujipanga na kupatana na wenzake. Miaka kumi na minne ni umri mbaya sana wa kumpiga mtu muhuri.

Sasa turudi kwenye maneno yako: “niliwalea sawa.” Najua umeyaandika kwa uchungu na kwa haki, kwa sababu ni kazi ngumu kulipa karo mbili kwa mfuko mmoja. Ila angalia vizuri. Uliwalea sawa kuanzia umri wa miaka minane. Mwanao alikuwa na miaka minane mingine kabla ya hiyo, mikononi mwako. Mwenzake aliitumia miaka hiyo katika nyumba ya chang'aa na ngumi, na mwishowe akamzika mama yake. Jirani zenu wa Maragoli walichunguzwa na Wamarekani wawili, Ruth na Robert Munroe, waliotaka kujua jinsi wachanga wanavyotunzwa. Walikuta kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye boma lenye watu wengi alibebwa zaidi, na akilia alifikiwa haraka zaidi, kuliko aliyezaliwa kwenye nyumba ya watu wachache. Wewe ndiye unayejua dada yako alikuwa na mikono mingapi ya kumsaidia Malava, usiku ule mumewe alipokuwa akirudi amelewa.

Na hata baada ya kuja kwako, vijana hawa hawakuishi katika nyumba moja. Chungu kimoja, ndiyo. Mojawapo ya mambo yaliyowashangaza watafiti wa mapacha ni kwamba kulelewa chini ya paa moja hakuwafanyi ndugu wafanane tabia kama tulivyodhani. Kinachobaki baada ya kuondoa urithi ni yale yanayompata kila mtoto peke yake: mwalimu aliyempenda au kumchukia, ugonjwa, rafiki, nafasi yake katika familia, maneno anayoambiwa. Mwanao akivunja sahani, amevunja sahani. Mwenzake akivunja sahani, Malava imevunja sahani.

Hapo ndipo nataka tukae zaidi, na mfano mkubwa kuliko yote uko hapo hapo mjini kwenu. Lazima unaukumbuka mwaka 2019. Wasichana wawili, mmoja akilelewa Kakamega na mwingine Nairobi, walifanana mpaka marafiki wakachanganya picha zao kwenye Facebook. Walikuwa na miaka 19, wote wawili wamezaliwa katika hospitali moja Kakamega mwaka 1999. Yule wa Kakamega alikuwa na pacha wake nyumbani, ambaye hawakufanana sana, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu mapacha wasiofanana wapo wengi. Mwezi Juni mwaka huo majibu ya DNA yakatoka: wawili waliofanana ndio mapacha wa kweli, na yule aliyelelewa kama pacha alikuwa binti wa mama wa Nairobi. Watoto walibadilishwa siku za mwanzo za maisha yao.

Nchi nzima ilizitazama sura za wale wawili na kustaajabia damu. Mimi nilimfikiria zaidi yule wa tatu. Kwa miaka 19 alilelewa katika nyumba ambayo haikuwa na tone la damu yake, na kwa kuwa hakuna aliyejua, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa damu. Akikosea, alikosea kama mtoto wa pale nyumbani. Akiwa mkaidi, hakuna aliyesema amewafuata watu fulani wa mahali fulani. Hakuna aliyepekua kosa lake kutafuta ukoo. Alirekebishwa, akasamehewa, siku ikaisha. Naye mama yake hakuacha kuwa mama siku karatasi ya maabara ilipofika.

Mpwa wako hajawahi kupata siku moja ya namna hiyo. Naibu wa mwalimu mkuu amemwambia ni mkondo, na akamwambia akiwa amesimama pale pale. Mumeo amemwita nyoka. Nyanyake amesema ni jina. Kanisa limempa neno la Kiyunani. Watu wazima wanne wenye heshima zao, kila mmoja kwa lugha yake, wamemwambia mtoto mmoja jambo lile lile: tunajua utakuwa nani. Ukiniuliza malezi ni nini, nitakujibu kwamba hayo ni malezi, tena ya nguvu kuliko karo na kanisa, kwa sababu anayasikia kila siku na anayasikia kutoka kwa watu anaowategemea.

Kuhusu jina, nina heshima na desturi hiyo. Waluhya mnawapa watoto majina ya waliotangulia ili wasipotee, na wazee walikuwa makini. Jina la mtu aliyeishia vibaya lilikwepwa. Naamini walijua kitu ambacho watafiti wamekuja kukiandika baadaye, kwamba mtoto hukua akielekea pale watu wanapomtazamia. Lakini mgomvi hana ugomvi pekee. Babu huyo alilima, alijenga, alikuwa na marafiki, huenda alikuwa mtu wa kutetea haki yake mpaka akaitwa mgomvi. Muulize nyanya amsimulie kijana mambo mawili mazuri ya mwenye jina lake. Yeye ndiye mama mzazi wa babake, atafurahi kuulizwa.

Nikuonyeshe jambo uliloliandika kwa haraka ukapita, kwa sababu mimi limenifanya nisome barua yako mara ya pili. Ulisema kijana huyu ndiye anayembeba mdogo wenu mpaka analala. Ukasema hulielewi. Mama, hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote uliyoniambia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikaa Oyugis, kule kwa Wajaluo, akachunguza wavulana. Kwa desturi kazi za jikoni na kulea watoto zilikuwa za wasichana, ila nyumba ikikosa msichana wa umri unaofaa, mama alimpa mvulana. Mvulana hakuchaguliwa kwa upole wake. Alichaguliwa kwa bahati ya nani alizaliwa lini. Ember alikuta kwamba waliofanya kazi nyingi za namna hiyo, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa na ugomvi mdogo na ubabe mdogo kuliko wenzao wasiozifanya, hata wakati walipokuwa nje wakicheza. Kazi ya kumtuliza mtoto ilikuwa imewafinyanga.

Kijana wako tayari anaifanya, bila kutumwa. Mpe iwe yake rasmi. Mwambie mbele ya baba na mbele ya ndugu yake: “Wewe ndiye unayeweza kumtuliza huyu kuliko sisi sote.” Mwache apike mrenda, amlishe, amwogeshe. Mikono iliyong'oa jino ndiyo hiyo hiyo, na anahitaji kuambiwa kwamba mmeiona ikifanya kazi hii pia.

Kiboko kiishe leo. Wewe mwenyewe umeniambia mumeo amechapa mpaka amechoka na hakuna kilichobadilika. Hayo ni matokeo ya jaribio, ayasome. Mtoto aliyeona ngumi zikimaliza kila jambo nyumbani kwa babake, sasa anaona kiboko kikimaliza kila jambo nyumbani kwenu. Somo ni lile lile, mwalimu ndiye amebadilika. Tena viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna. Adhabu ziwepo, na ziwe sawa kwa wote wawili: kazi za ziada, kunyimwa mpira, kulipa alichoharibu kidogo kidogo. Kama mumeo atashindwa kujizuia, au wewe utahisi mambo yanakuzidi, piga simu ya watoto 116, haina malipo, na upande wa pili kuna watu wanaojua kusikiliza.

Sitakuahidi kwamba atakuwa mpole kama mwanao. Hatakuwa, na usimlinganishe naye tena, hata kimoyomoyo. Huenda maisha yake yote atakuwa mtu wa kuwaka haraka. Wapo watu wazima wa namna hiyo wanaoendesha biashara, wanaotetea wanyonge mahakamani, wanaofundisha watoto wa watu. Wamejifunza moto wao unawaka saa ngapi na waende wapi ukiwaka. Hilo hufundishwa. Keti naye siku ametulia mwambie akueleze hasira inavyoanza: ni kifuani, ni masikioni, ni mikononi? Mpange ishara yenu, mlango ambao ana ruhusa ya kutoka bila kuulizwa, na mahali pa kwenda, iwe kwa ng'ombe au kando ya shamba, mpaka atakapoweza kuongea. Shuleni ombeni mwalimu wa ushauri nasaha amjue kwa jambo lingine zaidi ya jino.

Na mwanao mpole naye usimsahau. Mtoto ambaye humsikii siku nzima anaweza kuwa ametulia, na anaweza kuwa amejifunza kwamba katika nyumba yenye kelele nafuu ni kunyamaza. Muulize. Yeye hajakutia hasara ya jino, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza.

Kuna jambo la babake. Usimfiche na usimpake matope. Kijana ana miaka kumi na minne, anajua panga lilifanya nini, na anajiuliza usiku kama mkono wake ni ule ule. Mwambie kweli: babako aliumiza mtu na alifungwa, na kabla ya hapo mamako alimpenda kwa sababu hizi na hizi. Mwambie una kitu cha babako, na una kitu cha mamako, na una miaka sita ya nyumba hii, na kuna kitu ambacho ni chako peke yako ambacho hakuna hata mmoja wetu amekiona bado. Akitaka siku moja kwenda Malava kuwaona ndugu zake, mpeleke mwenyewe, mkale, mrudi pamoja jioni. Kwenda kuwaona ndugu ni haki yake. Kurudishwa ni jambo lingine kabisa, na nguo zilizo kwenye begi zinakuonyesha kwamba amelingoja tangu siku aliyofika.

Umetia sahihi “Mama wa Wawili”. Nimewahesabu katika barua yako, nikapata watatu.

La mwisho, na ndilo ningependa ulifanye kwanza. Umeniambia jino lilivyong'oka, mlivyoitwa, mlivyolipa, na kila mtu alivyosema. Hukuniambia kwa nini alimpiga yule mwenzake. Nahisi hukuniambia kwa sababu wote mlikuwa na jibu tayari, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Muulize leo. Usiwe na mumeo, usiwe umesimama, usimkatize, na akimaliza usiongeze mahubiri. Huenda ni upuuzi wa mpira. Huenda kuna mtu alimtaja mamake. Chochote kitakachokuwa, jino la mtu halirudi na lazima aende kuomba msamaha. Mpeleke wewe mwenyewe, usimame upande wake, na mwalimu akianza habari za mkondo, mwambie kwa heshima kwamba umekuja kuzungumzia kosa la mwanao.